Kufanya utafiti Eswatini, mwaka ambao watu waliacha kujibu

Watu wakisikia nilikuwa Eswatini, ufalme uliokuwa ukiitwa Swaziland, mwaka 2021 huniuliza kama niliona risasi zikipigwa. Sikuziona. Shule niliyofanyia utafiti iko milimani Shiselweni, kusini mwa nchi, mbali na Manzini na Matsapha ambako maduka yaliporwa na majengo yakachomwa. Kwetu vurugu zilifika kimyakimya: mkate uliadimika, vocha zikaisha dukani, kisha kombi, daladala zao, zikaacha kupita kwa sababu barabara ya mjini ilizibwa kwa mawe na magogo.

Kwa asiyefuatilia: Mei mwaka huo Thabani Nkomonye, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Eswatini, alikutwa amekufa, na wengi wakawanyooshea polisi kidole. Vijana wakaanza kuwapelekea wabunge wao barua za madai, mojawapo likiwa waziri mkuu achaguliwe na wananchi badala ya kuteuliwa na Mfalme. Vyama vya siasa vilipigwa marufuku tangu 1973, kwa hiyo barua ndiyo ilikuwa njia iliyobaki. Juni 24 kaimu waziri mkuu Themba Masuku akazipiga marufuku nazo. Kilichofuata hakikuhitaji mtabiri. Kufikia Juni 29 tulikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri, na intaneti imezimwa.

Mimi nilikwenda kuchunguza jambo la amani kabisa: watoto wanaosoma kwa siSwati miaka minne ya mwanzo huingiaje darasa la tano, ambako Kiingereza ndicho cha kufundishia? Mtanzania niliyesoma kwa Kiswahili hadi la saba, swali hilo lilinigusa. Nilikaa nyuma ya darasa na kusikiliza watoto wakisoma. Jioni nilitembelea wazazi, mara nyingi bibi zao, nikiwa na kinasa sauti na fomu ya ridhaa ya kusaini.

Hiyo fomu! Chuoni tunafundishwa kwamba inamlinda mhojiwa. Baada ya Juni, karatasi yenye jina na saini ya mtu, iliyoletwa na mgeni anayeuliza kuhusu shule ya serikali, ilikuwa kitu kingine. Mzee mmoja aliitazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole inaishia wapi. Nikamwambia kabatini, chuoni. "Na kabati hilo ufunguo wake anao nani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Wengine hawakukataa waziwazi, maana kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu. Walinikaribisha emahewu, ambayo ukiionja utaapa ni togwa, tukazungumza kuhusu mvua hadi nikaaga.

Mwalimu mkuu, mama mtaratibu sana, alinishauri nisikilize watoto na niwaache wakubwa. Nilimtii, na watoto nao wakaacha kuja.

Intaneti ilipozimwa, jambo lililouma zaidi kijijini lilikuwa pesa. Waliotegemea kutumiwa fedha kwa simu na watoto wao walioko mjini au Afrika Kusini walikwama, na mwenye duka akarudi kwenye daftari la madeni. Make, mama mwenye nyumba niliyopanga, alinikopesha mimi mpangaji wake.

Simu ya kawaida ilipopatikana, kaka yangu aliagiza kutoka Morogoro nirudi Durban ninakosoma. Wiki mbili hazikupita, Durban nayo ikawaka baada ya Jacob Zuma kufungwa. Zaidi ya watu 300 walikufa Afrika Kusini Julai ile. Kaka hakuniagiza tena. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, zamu ikawa yangu: mimi niko nje, mtandao wa nyumbani umezimwa, napiga napiga, sipati mtu.

Oktoba 2021 wanafunzi wenyewe waliandamana, askari wakapelekwa mashuleni, na serikali ikafunga shule zote. Jedwali langu la matokeo lina safu nzima tupu. Msimamizi alitaka nieleze chini yake ni familia zipi zilijitoa na kwa nini. Niliandika "shule imefungwa" basi, maana sababu za kila nyumba zingewatambulisha wenyewe. Katika kijiji kidogo, kuficha jina hakumfichi mtu.

Januari 2023 wakili wa haki za binadamu Thulani Maseko alipigwa risasi na kuuawa nyumbani kwake. Usiku nilipopata habari hizo nilifungua diski yenye sauti za wale bibi. Maelezo yasiyomtambulisha mtu nilikuwa nimeshayaandika. Sauti zenyewe nilizifuta zote, kisha nikamwandikia msimamizi kumjulisha. Kanuni inataka data ghafi zitunzwe kwa miaka kadhaa, naye hakufurahi. Tulibishana kwa barua pepe mwezi mzima, na mpaka leo naona yule mzee alikuwa na hoja nzito kuliko kanuni.