Pikapu ya Mjomba hadi Mto Kidepo

Tuliondoka Mbale saa kumi na moja alfajiri, mwishoni mwa Machi, mimi kwenye usukani na Mjomba pembeni yangu na chupa ya chai mapajani. Pikapu ni yake. Ni Hilux ya 1991, injini ya dizeli ya cc 2,800 isiyo na tabo, eksili nzima mbele na nyuma, springi za vyuma vilivyolaliana kwenye magurudumu yote manne. Ameimiliki tangu 1998, na kwa zaidi ya miaka ishirini iliteremsha viazi na kabichi kutoka Kapchorwa hadi sokoni Mbale. Bodi imechakaa kwenye kingo na rangi yake ya buluu imekuwa ya majivu, lakini chesisi ni nzima. Nililala chini yake nikaigonga na nyundo yote, kutoka mbele hadi nyuma, kabla sijakubali kwenda nayo hifadhi ya Kidepo, kaskazini-mashariki kabisa mwa Uganda.

Marafiki zangu wa Kampala walinishauri nikodi gari jipya. Nilikataa, na sababu zangu ni hizi. Injini ya pikapu hii ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa waya mmoja tu, ule unaofungua dizeli kwenye pampu. Mengine yote ni chuma kinachosukuma chuma. Kikikatika kitu, utakiona kwa macho, utakishika, na fundi yeyote mwenye spana na tupa ataelewa kimefanya nini. Gari linalosema na kompyuta ni zuri pale kompyuta ilipo. Kotido haipo, na Kaabong haipo.

Tulibadilisha mkanda wa taimingi, mipira ya radieta, chujio zote na mkanda wa feni. Nikabeba mitungi miwili ya dizeli, ya maji mingine miwili, jeki mbili, koleo, pampu ya mguu, na yu-bolti mbili za akiba, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye eksili. Senta bolti sikubeba.

Njia ya Muyembe hadi Nakapiripirit sasa ni lami. Unateremka ukiwa na Elgon kulia kwako, kisha uwanda unafunguka na Mlima Kadam unajitokeza peke yake, mita 3,063, umejaa majabali. Mjomba alikuwa kimya tangu Muyembe. Tulipofika chini ya Kadam akaniambia nisimame. Akashuka, akavuka ukingo wa barabara, akachuchumaa na kuchota udongo mweusi kwa vidole. Ulikuwa mkavu, umepasuka vipande vipande kama vigae.

Miaka iliyofuata njaa kubwa ya 1980 huku Karamoja, Mjomba aliendesha lori la mahindi ya msaada kuja eneo hili. Mahali kama hapa mvua iliwakuta. Udongo huu ukinywa maji unavimba na kugeuka gundi. Unajikusanya kwenye tairi hadi unajaa ndani ya madigadi, kisha gurudumu haliwezi tena kuzunguka, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Walikaa siku nne. Watu walikuja kutoka kwenye manyata wakakaa mbali kidogo na lori, wakiangalia magunia. "Hawakuiba hata punje," aliniambia, "na sisi tulikuwa wanne tu, bila silaha." Akajipangusa mikono, akaingia garini, na hakusema neno jingine hadi Moroto.

Moroto tulilala. Asubuhi tukashika njia ya Kotido, na hapo ndipo safari niliyoitaka ilipoanza. Tulipunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 26, maana barabara ilikuwa na makunyanzi kama bati la paa kwa kilomita nyingi. Madereva wengi hupita makunyanzi kwa kasi. Ukifika kilomita 70 au 80 kwa saa gari huelea juu ya vilele na mtikisiko hupungua. Lakini gari linaloelea halishiki ardhi vizuri, breki zinakuwa za kubahatisha, na mbuzi wa Karamoja hawapigi honi kabla ya kuvuka. Mjomba alinizuia nisipite 40. Kila baada ya muda alinisimamisha, akazunguka gari na kushika shokomzoba moja moja kwa kiganja. Iliyo hai hupata moto kwa kazi. Ukiikuta ya baridi wakati wenzake wana joto, hiyo imekufa. Zetu zote nne zilikuwa za moto, na yeye akafurahi kama mtu aliyekuta watoto wake wote wamelala nyumbani.

Tulikuwa tumekaribia Panyangara usukani ulipoanza kunivuta. Nilinyoosha, ukavuta tena. Nikatazama kwenye kioo na kuona vumbi letu limekaa upande. Gari lilikuwa linakwenda mshazari, kama kaa. Tuliposhuka, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limerudi nyuma na karibu liguse ukingo wa bodi.

Senta bolti ilikuwa imekatika. Kwa asiyeijua: ni bolti moja inayopita katikati ya vyuma vyote vya springi na kuvibana, na kichwa chake huingia kwenye tundu la kitako cha eksili. Ndicho kinachoiambia eksili ikae wapi. Yu-bolti ndizo zinazokaza. Mtikisiko wa makunyanzi ukizilegeza, mzigo wote wa kwenda mbele na nyuma unaangukia bolti ile moja, nayo si nene kuliko kidole changu. Nilikuwa nimekagua yu-bolti Mbale. Moroto sikuzikagua. Kosa ni langu, na nilimwambia Mjomba hivyo. Akajibu, "Lete mnyororo."

Wakati tunainua chesisi kwa jeki walitokea wachungaji watatu wa Jie, kabila la wafugaji wa huku, shuka begani, kila mmoja na kigoda chake kidogo, ekicolong, mkononi. "Ejoka," nikawasalimia. "Ejok nooi," wakajibu. Hayo ndiyo maneno yangu yote ya Kikaramojong pamoja na alakara, asante. Lakini mmoja wao alikuwa amepeleka ng'ombe minadani miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea vizuri kuliko gari letu. Aliweka kigoda chini, akakaa, akatazama kazi kwa makini, kisha akasema, "Mzee, mnyororo upitishe mbele ya eksili, siyo nyuma. Itavutwa kurudi, haitavutwa kwenda." Alikuwa sahihi. Mjomba akaupitisha mbele, akaufunga kwenye kikombe cha mbele cha springi, pale inaposhikwa na chesisi, tukatambaa na gia ya kwanza hadi Kotido, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Nataka niseme jambo moja kuhusu Kiswahili. Huko kwetu kusini kuna watu bado wanakikumbuka kama lugha ya mwanajeshi aliyekuja usiku, ingawa Katiba inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Kaskazini hii ni lugha ya barabara. Mfanyabiashara wa mahindi, askari kizuizini, dereva wa lori, mchungaji wa Jie na mimi wa Mbale tulizungumza bila mkalimani, na hakuna aliyeogopa.

Kotido fundi alitandika gunia chini ya mwarobaini. Hakuwa na senta bolti ya kwetu. Alikuwa na ya lori, ndefu na yenye kichwa kikubwa. Akaikata kwa msumeno, kisha akaibana kwenye jiliwa na kuanza kupiga tupa. Nilichukua kigoda nikakaa karibu kabisa. Alipiga mara sita, akaizungusha kidogo, akapiga sita tena, na ungaunga wa chuma ukamwagika juu ya vidole vyake vya miguu. Kila baada ya muda alikwenda kukipima kichwa kwenye tundu la eksili, akarudi. Hakutumia kipimo chochote isipokuwa tundu lenyewe. Karibu saa nzima ilipita. Mara ya mwisho kichwa kiliingia kwa mlio mdogo, tak, na hakikucheza hata kidogo alipokitikisa.

Akavibana vyuma vya springi kwa klampu, akapitisha bolti, akafunga yu-bolti zetu mpya kwa kupokezana, huku kidogo na kule kidogo. Kisha akanitazama mimi, siyo Mjomba. "Dada, chuma kipya kinalala. Ukifika Kaabong kaza tena. Halafu kila jioni, mpaka zikatae."

Kaabong tulikaza, na nati zote nne zilikubali nusu mzunguko.

Kati ya Kaabong na Karenga mvua ya kwanza ya mwaka ilitupata. Haikudumu hata dakika arobaini, lakini udongo ule wa Kadam upo huku pia. Mimi nilitaka kupita haraka kabla haujalewa. Mjomba alitoa ufunguo akautia mfukoni. Tulikaa saa tatu kwenye kilima cha changarawe, tukanywa chai, tukala chapati za Mbale zilizokuwa zimekauka. Jua lilipotoka barabara ilianza kufuka moshi. Alipoona njia imebadilika kutoka nyeusi ya kung'aa kuwa ya kijivu alinirudishia ufunguo. Nilishuka nikafunga habu za mbele kwa mkono, kulia kisha kushoto, nikaingiza fo-wili, na tukapita na gia ya pili. Gari liliteleza mara mbili tu, kwa upole.

Hifadhi ya Taifa ya Kidepo ina kilomita za mraba 1,442 na ilitangazwa hifadhi ya taifa 1962, mwaka wa uhuru. Bonde la Narus, ambako kambi ya Apoka ipo, lina maji, nyati kwa mamia na miegea iliyoning'iniza matunda yake kama soseji. Wageni wengi huishia hapo, na hawana sababu ya kujuta. Sisi tulikuwa tunataka ng'ambo, bonde la mto wenyewe, kwa hiyo asubuhi tulichukua askari wa hifadhi na bunduki yake, akakaa dirishani na Mjomba akabanwa katikati.

Mto Kidepo sehemu kubwa ya mwaka hauna maji. Ni mchanga mweupe, upana wa mita 50 hivi, na kwenye kingo zake imesimama mivumo mirefu, jamii ya mitende. Askari alituambia jina lenyewe linatokana na kuokota, kwa kuwa watu wa zamani walikuja hapa kuokota matunda ya mvumo wakatengenezea pombe.

Mjomba alivua viatu. Akavuka mto wote kwa miguu, akikanyaga kwa kisigino kila hatua chache, kisha akarudi kwa mstari mwingine. "Huu," akasema, akionyesha mstari wa pili. Tukapunguza upepo hadi 20. Nikaingiza gia nzito, namba mbili. "Ukiingia usibadilishe gia, usiguse breki, usikate kona. Sikiliza injini. Ikiguna, iache igune."

Niliingia vizuri. Katikati ya mto injini ikaguna kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na mguu wangu ukajiinua wenyewe. Mara moja nyuma ikazama. Kukanyaga mafuta hapo ndiko kunakozika magari, kwa sababu tairi inajichimbia kaburi hadi eksili ilale mchangani. Sikukanyaga. Nilizima kabisa. Tulifukua nyuma ya tairi nne kwa koleo na mikono, askari naye akiwa ameegemeza bunduki kwenye bampa. Tukashusha upepo hadi 15, tairi zikalala pana kama nyayo za ngamia, nikarudi nyuma taratibu kwenye alama zangu mwenyewe hadi ukingoni.

Mara ya pili niliiacha igune. Iliguna mto mzima. Niliona mikono yangu ikitetemeka kwenye usukani, nikaona ukingo wa pili unainuka mbele ya boneti, na mguu haukuinuka. Tulipokuwa juu, kwenye nyasi, Mjomba alipiga dashibodi kwa kiganja mara mbili, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake ubavuni.

Kanangorok, chemchemi ya maji moto, iko kilomita 11 mbele, pale pale mpakani. Tulipita mbuni saba waliotutazama bila kukimbia. Maji ya moto yanatoka ardhini polepole, mahali pa wazi, na mbele yako milima ya Sudan Kusini imejipanga. Nilitaka kukaa. Askari aliangalia mawingu yaliyokuwa yanajikusanya na kusema, bila haraka, kwamba mvua ikinyesha milimani mto unaweza kushuka hapa huku sisi tukiwa kwenye jua. Tukageuza. Kwenye ukingo wa mto niliokota tunda moja la mvumo, la rangi ya chungwa, zito, lenye harufu iliyojaza gari zima hadi Apoka. Tulivuka mara moja tu, bila kusimama.

Jioni tulipampu tairi kwa mguu, kwa zamu, Mjomba akihesabu kwa sauti. Giza lilipoingia alishika tochi na mimi nikalala chini ya gari na spana. Mchanga wa mto ulinidondokea usoni. Yu-bolti za kushoto, zile za fundi wa Kotido, nilianza na ya mbele.

"Imekubali?" Mjomba aliuliza.

"Robo."

"Ya nyuma?"

Niliivuta kwa mikono yote miwili. Ilikataa.