Siku tano za kula na kujipamba Mombasa, nilipoacha kusikiliza ushauri wa watu

Nimerudi Tanga wiki tatu sasa na hina bado imekaa kwenye kucha zangu. Kila anayeiona anauliza nilipakwa wapi, na kila nikianza kueleza najikuta naanzia kwenye mahamri. Basi naandika yote hapa, mwenye safari ya Mombasa asome.

Binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Nilifika Jumatatu usiku, na kupamba, ile sherehe ya kumtoa bibi harusi aliyepambwa, ilikuwa Jumamosi. Katikati nilijipa kazi mbili: kula vile vitu vya Mombasa ninavyovisikia tangu utoto, na kuingia kwenye kupamba na mikono iliyopakwa hina ya watu wanaoijua hina.

Kabla sijaondoka watu watatu walinipa ushauri. Mmoja alisema nisile chochote cha barabarani, nitaharisha. Wa pili alinipa majina ya mikahawa mitano, yote yenye viyoyozi. Wa tatu, na huyu ndiye sijamsamehe bado, alinielekeza saluni moja huko mjini wanakopaka "hina nyeusi" ya nusu saa, unatoka umekauka unaendelea na safari zako.

Jumanne niliamka nimechoka na basi, nikatoka saa nne asubuhi kutafuta mahamri na mbaazi. Nikazunguka Kibokoni, nikapita Ndia Kuu, nikakuta mama mmoja anasugua karai lake kwa majivu. Nikamwamkia, nikaagiza. Akanitazama kwa huruma. "Yamesha, mwanangu. Hamri ni la alfajiri. Saa hizi wapata maneno tu." Nikaishia kwenye mkahawa mmoja wa ile orodha, nikapewa mahamri ya baridi yaliyopashwa moto hadi yakawa magumu kama ngozi, na mbaazi zenye tui lililokatika. Bei ilikuwa kama mara tatu ya mtaani. Nilikula nusu.

Jioni mama mdogo akaniambia jambo lililobadilisha siku zote zilizobaki: mji huu unaliwa kwa saa. Kila chakula kina wakati wake, na wakati wake unafuata adhana. Ukikosea saa utapata kilicholala, halafu utarudi kwenu useme Mombasa hakuna chakula.

Jumatano nikatoka kabla jua halijachomoza. Na hapa ndipo nilipogundua mbinu ambayo najivunia kuliko zote. Sikuuliza mtu mzima njia. Nilisimama kwenye kona nikasubiri mtoto anayepita na bakuli lenye kifuniko. Mtoto aliyetumwa na mama yake alfajiri hatumwi kwa mpishi mbaya, kwa sababu akirudi na mbaazi mbaya anarudishwa. Akapita wa kwanza, wa kike, bakuli la bluu, sarafu kaikamata ngumini. Nikamfuata kwa mbali. Akapita kibaraza, akakata kichochoro ambacho mabega yangu yalikaribia kugusa kuta zote mbili, na harufu ya iliki ikanifikia kabla sijaona moto.

Walikuwa watoto saba kwenye foleni, nami wa nane. Mama alikuwa anasukuma donge duara, analikata vipande vinne kwa kisu, anatumbukiza kimoja kimoja. Kipande kinazama, kinaibuka, naye anakimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa upawa, taratibu, hadi kinafura chote kama kimevuta pumzi. Hapo ndipo anakigeuza. Ukilipasua hamri lile ndani ni tupu, mvuke unatoka, na huko ndiko mbaazi zinakoingia. Mbaazi zenyewe zilikuwa zimeiva hadi zinapondeka kwa ulimi, na tui zito limetiwa mwishoni kabisa ndiyo maana halikukatika. Nilikula mahamri matano. Yote na mbaazi haikufika shilingi mia mbili za Kenya. Tumbo halikuniuma siku hiyo wala siku nyingine, kwa hiyo yule wa ushauri wa kwanza naye nimemjibu.

Mbinu ya bakuli nimeitumia siku zote zilizofuata na haikuniangusha. Ila ni ya asubuhi. Mchana watoto wako shule. Mchana nilikula nyumbani, kwa sababu kwenye nyumba yenye harusi pilau ipo na ni dhambi kuiacha.

Baada ya alasiri ni zamu ya viazi karai. Kiazi kimechemshwa, kikachovywa kwenye unga wenye rangi ya manjano iliyokolea, kikakaangwa. Wageni huwa wanachovya ukwaju juu juu, wakalalamika kwamba kiazi ni kikavu. Fanya hivi: kibonyeze kwa kidole gumba hadi kipasuke, umwagie ukwaju ndani ya ufa, kisha chatini ya nazi juu yake, na ukile palepale umesimama. Ukikifunga kwenye karatasi uende nacho nyumbani, ngozi yake inalegea na umekipoteza. Saa hizo hizo ndiyo kachri za muhogo kule Lighthouse, zimenyunyiziwa pilipili na chumvi, ndimu inakamuliwa mbele yako, na dafu pembeni. Unakaa kwenye ukuta chini ya mibuyu, unaangalia meli zikiingia Kilindini. Usiende saa nane mchana, utakutana na jua tu.

Kahawa tungu ni ya jioni. Utaisikia kabla ya kuiona, kwa sababu muuzaji anagonganisha vikombe vyake. Dele la shaba, makaa chini yake, tangawizi ya kutosha. Usitie sukari. Kata kipande cha haluwa au kashata, kiweke ulimini, halafu unywe. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu na usingizi haukupungua.

Sasa nirudi kwenye hina, kwa sababu hii ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Jumanne ile ile ya mahamri ya baridi nilikwenda saluni niliyoelekezwa. Binti akatoa kibakuli chenye uji mweusi tii, kama lami. Hina ninayoijua ni ya kijani, inanuka majani makavu na udongo uliolowa. Hii ilinuka dawa, harufu inayopanda puani. Nikauliza imetengenezwa na nini. Akasema hina nyeusi ya kisasa, imetoka nje. Moyo ukakataa, lakini nilikuwa nimeshaketi. Nikamwambia anipake ua moja tu kwanza, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alinuna, maana alitarajia pesa ya mikono miwili. Ua lile moja ndilo lililoniokoa. Nusu saa kweli limekauka, limekuwa jeusi la kupendeza, nami nikatoka nikijisemea labda nilikuwa na wasiwasi bure.

Jumatano usiku likaanza kuwasha. Mwanzo kama umeumwa na mbu, baadaye kama umeshika upupu. Nikalikuna usingizini. Alhamisi alfajiri nilipowasha taa, ua lilikuwa limeinuka. Kila petali ilikuwa imevimba peke yake, na juu yake malengelenge madogo yamejipanga sawasawa na mstari alioupitisha yule binti, ncha kwa ncha, pamoja na kale kamkia alikomalizia. Ngozi nje ya mchoro haikuwa na kitu. Mtu asingehitaji kuambiwa kilichoniunguza ni nini.

Mfamasia wa duka la dawa hakushangaa hata kidogo. Akanieleza kwamba rangi nyeusi za nywele huwa na kemikali inayoitwa PPD, na kwamba wapo wanaozikoroga na kuzipaka ngozini kama piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, kwa sababu zinashika haraka. Nenda kasome boksi lolote la rangi ya nywele: lenyewe linakuambia ujaribu kidogo kwanza na usubiri siku mbili kabla ya kupaka, na hiyo ni kwa nywele. Jambo lililoniuma zaidi ni hili: mwili ukishaikataa mara moja, unaweza kuikataa maisha yote, hata kwenye nywele. Kwa hiyo nusu saa ya saluni imenifungia mlango wa kupaka nywele rangi nyeusi mpaka uzeeni. Nikapewa dawa ya kupaka, nikaambiwa nisitumbue malengelenge.

Nilishalia kabla ya hapo, sifichi. Jumatano usiku muwasho ulipoanza, mama mdogo alinishika mkono wa pili akanipeleka kwa somo anayempamba bibi harusi. Bi yule alitazama ua, akanusa, akasema neno moja: "Piko." Halafu akafungua kopo lake, akanitia tone la hina ya majani ndani ya kiwiko, mkono wa kulia. "Lala nalo. Kukicha lisipokuwasha, njoo kesho baada ya isha." Halikuwasha.

Alhamisi nilikwenda mapema makusudi nimwone akiandaa. Unga wa hina ulipepetwa kwa kitambaa cha mtandio chepesi, mara mbili, kwa sababu chenga moja tu inaziba ncha ya koni na mstari unakatika. Akatia maji ya ndimu kidogo kidogo, sukari kiasi cha kijiko ili ikikauka isipukutike, na matone ya mafuta ya mkaratusi. Akafunika. Kwa joto la Mombasa saa chache zinatosha. Ukifunua unakuta juu imegeuka kahawia na chini bado kijani. Akaweka tone kiganjani kwake, akahesabu dakika chache, akalifuta: limeacha alama ya chungwa. Hapo ndipo alipojaza koni.

Alinipaka karibu saa mbili nzima. Kifundo chenye ua lililoungua hakukigusa kabisa. Mchoro wa kushoto aliuanzishia katikati ya kiganja ukapanda vidoleni, na wa kulia akaupunguza ili mikono ifanane. Nililala mikono imefungwa vipande vya leso kuukuu. Asubuhi hina ilibanduliwa kwa mgongo wa kisu, ikapakwa mafuta, na maji yakawa haramu kwangu mpaka jioni. Chakula nililishwa na binamu zangu.

Ijumaa asubuhi rangi ilikuwa kama boga. Nikaingiwa na hofu, nikaenda kumwambia somo haijashika. Akaniambia nikae kitako. Akatia karafuu kavu kwenye kikaango juu ya makaa, zilipoanza kutoa moshi akanikalisha juu yake, viganja chini. "Hina haiishi kuiva siku ya kwanza. Iache ifanye kazi yake." Jioni ikawa rangi ya matofali. Jumamosi magharibi, saa ya kuvaa, viganja vilikuwa rangi ya tende, na mgongo wa mkono umepauka kidogo kama inavyokuwa siku zote, maana ngozi ya kiganja ni nene na inanywa zaidi.

Jumamosi hiyo pia nilijifunza habari ya vikuba, vile vishada vya maua vya kujipambia. Vinunue jioni, asumini ikiwa bado imefumba. Muuzaji akikupa iliyokwisha kuchanua mwambie abadilishe, kwa sababu asumini hufunguka usiku, na ile iliyofumba itachanulia kichwani mwako ukiwa umeketi kwenye kupamba. Changu kilikuwa cha asumini na rehani na kipande cha mkadi. Saa nne usiku kilifunguka, na watu wa mstari wa nyuma yangu wakaanza kuulizana ni nani.

Gharama zote za kujipamba, hina, udi wa kujifukizia na liwa ya kusingwa mwili, zilikuwa kama elfu mbili na mia tano za Kenya, labda na kitu. Saluni ya nusu saa ilinitoza mia tano kwa ua moja, na dawa ya kulitibu ikazidi hapo.

Jumapili asubuhi, kabla sijaondoka, nilipita kwa somo kumuaga. Nikamwambia Tanga kuna wadogo zangu wawili wenye harusi mwakani na wote wanaitaka mikono hii. Alikishika kifundo changu, akakiangalia kile kidonda kilivyoanza kukauka, akanifungia unga wa hina ratili moja kwenye karatasi. "Waambie waje kwangu siku mbili kabla ya kupamba," akasema. "Wasije siku yenyewe. Siku yenyewe sipaki mtu."