Kompyuta ya mama ilipokwama mwaka 2015

Kila Ijumaa jioni mama huketi mbele ya kompyuta pale nyumbani Mikindani, Mtwara, nami huku Hamburg nawasogeza wajukuu wake wamwone. Simu haitaki, macho yake hayawezi tena kioo kidogo. Ijumaa moja ya Novemba kompyuta ikagoma, nikajisikia kama niliyefungiwa mlango wa kwetu.

Mpwa wangu akanipigia. "Shikamoo mjomba. Mtandao hakuna tangu umeme ulipokatika jana. Ninunue bando jingine?"

"Marahaba. Subiri kwanza. Simu yako inafungua?"

"Inafungua vizuri, na ndiyo inayoirushia kompyuta."

Basi bando lipo. Nikamwambia afungue lile dirisha jeusi la amri, aandike ping 8.8.8.8, yaani aibishie hodi kompyuta ya Google iliyo mbali, tuone kama njia ya mtandao iko wazi. Majibu yakarudi yote manne. Akajaribu na jina la tovuti, nalo likajibu. Njia nzima, majina mazima, lakini kila ukurasa unaonya kuwa muunganisho si salama.

"Nisomee saa, kona ya chini kulia."

Akanyamaza kidogo. "Saa sita na dakika arobaini usiku. Tarehe 1 Januari 2015."

Kwao ilikuwa magharibi, nasikia adhana kupitia simu yake.

Ndugu zangu, tovuti hubeba cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2015 inakiona cheti cha leo hakijaanza kutumika, inakikataa. Saa hiyo hutunzwa na betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, iliyopachikwa ndani kwenye ubao. Ikishakufa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Vijana wa Mtwara na Lindi mnaowasaidia wazee, nawaomba sana: tazameni saa kabla ya kuwanunulisha bando. Hela hizo zimetoka kwenye korosho, wamezihangaikia.

Mpwa wangu akachagua ukanda wa saa wa Nairobi, ndio wa kwetu pia, akaweka tarehe kwa mkono. Kurasa zikafunguka. Betri alibadilisha kesho yake, baada ya kuzima na kuchomoa waya ukutani.

Mama akatokea kiooni na mtandio wake wa kuswalia, ameshika bibo jekundu, korosho yake ikining'inia chini. Akalisogeza karibu na kamera mpaka likajaa kioo kizima.

"Haya, wajukuu zangu," akasema, "nani analijua hili?"