Nilivyojifunza kueleza selimundu kwa maharagwe

Nilipoanza kazi ya utabibu katika zahanati moja ya Kayole, Nairobi, niliamini kwamba mambo ya jeni ni ya madaktari bingwa wa hospitali kubwa. Kisha nikaletewa mtoto wa miezi minane aliyevimba mikono na miguu, akilia kila anapoguswa. Nilidhani ameumia, nikamwandikia dawa ya maumivu. Aliporudi baada ya wiki mbili, viganja vimepauka na macho yana umanjano, ndipo nilipomuuliza mama yake swali nililopaswa kuanza nalo: je, kwenu au kwa kina baba mtoto kuna waliofiwa na watoto wadogo? Ndugu wawili wa baba walikuwa wamezikwa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Kipimo cha damu kiitwacho elektroforesisi kilithibitisha kuwa ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Sikutegemea kile cha haraka cha kuangalia tu kama chembe za damu zinapinda, kwa kuwa hakimtofautishi mgonjwa na mtu anayebeba jeni tu. Tangu siku hiyo huchora nyuma ya faili vizazi vitatu vya ukoo, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na mstari wa kumkata aliyefariki, kazi ya dakika tano hivi.

Kuchora ni rahisi; kueleza ndiko kulikonitoa jasho. Niliwaambia wazazi kwamba wote wawili wanabeba jeni, na uwezekano wa mtoto wao kuugua ni mmoja kati ya wanne, na baba akafarijika: "Basi daktari, zamu ya ugonjwa imekwisha, watatu wajao ni wazima." Nyanya ya mtoto, kwa upande wake, alikuwa ameshamhukumu mkaza mwanawe.

Walipokuja tena nilikuwa na vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, kila kimoja kikiwa na haragwe moja jekundu, yaani jeni la ugonjwa, na moja jeupe, jeni zima. Walichomoa moja moja bila kutazama, tukaandika, wakayarudisha vikombeni, kwa maana kila mimba huanza upya. Mekundu mawili, yaani mtoto mgonjwa, yalitokea mara mbili mfululizo, jambo ambalo nisingeweza kulipanga, na baba akaacha kuhesabu zamu.

Nilieleza penisilini ya kila siku ya kumkinga na maambukizi, asubuhi na jioni, hadi mtoto afikishe miaka mitano. Nyanya hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshika kikombe cha mwanawe.

"Na hili jekundu, daktari, yeye alilitoa wapi?"

Niligeuza faili, nikamwonyesha ile miraba miwili niliyoikata kwa mstari, chini ya jina lake na la marehemu mumewe.