Nimekula pilau Jumapili, Jumatatu nikatumiwa bili

Jumatatu mchana niko kwenye basi naelekea zamu ya jioni, simu ikaita kimeseji, nikajua ni dada yangu wa Tanga (sio wa damu, ni wa hapahapa Hamburg) anauliza kama nilifika salama maana nilitoka kwake usiku. Kumbe ni shemeji, mumewe, Mjerumani, ametuma jedwali kwenye grupu. Jedwali jamani. Mchele, nyama, viazi, vitunguu, juisi, bia, mkaa wa mishikaki, jumla euro 139.50, gawa kwa watu 9 na wao wenye nyumba wamo, kila mtu 15.50. Chini ameandika kwamba chupa tupu ameshazirudisha dukani na hela yake, 4.75, ameshaipunguza. Halafu kwenye jina langu: toa 6 kwa sababu alikuja na samaki, anadaiwa 9.50. Namba ya akaunti hiyo hapo.

Nyie wa nyumbani mtanielewa. Mimi nimekulia Temeke, kwetu mtu akifika chakula kinapakuliwa anakaribishwa, hata yule aliyefuata harufu tu. Ukishampa mtu sahani imeisha hiyo, huifuati tumboni. Najua kuna atakayesema mbona na sisi tuna michango ya harusi. Ndio tunayo, tena bei za kadi mnazijua wenyewe siku hizi, singo na dabo, na ahadi yako inasomwa kikaoni na mwekahazina anakutaja kwa jina kwenye grupu kila asubuhi kama dua. Lakini ile ni kabla. Unatoa, unaingia ukumbini, unakula mpaka unafungia na kwenye kifuko, hamdaiani. Sio mtu ameshakula, ameshalala, ameamka, ndo unamtokea na kalkuleta.

Nimelipa kabla sijashuka kwenye basi, kwa hasira. Wala dada sikumpigia, nisije nikaongea.

Ila nikiwa zamu, namlisha bibi mmoja supu yake taratibu, nikamkumbuka mama. Idd kwetu nyumba ilikuwa inafurika, watu wanakula wanamwagia sifa, mama fulani ana mkono, mama fulani hana choyo. Wiki inayofuata natumwa dukani kwa Mangi, na Mangi anafungua daftari kwanza kabla hajanipa hata kibiriti, ukurasa mzima jina la mama, na deni lile lilikuwa linalipwa mpaka Idd nyingine iko karibu. Kati ya wale wote waliokula hakuna aliyewahi kupiga hesabu ya kugawanya. Kwa hiyo dada yangu wa Tanga hana daftari kwa mtu yeyote leo, na hilo shemeji nampa haki yake. Lakini bado inaniuma, na hasa ile toa 6. Angeniachia samaki wangu wakabaki samaki.

Na ubaya ni kwamba wikiendi yenyewe ilikuwa tamu kweli kweli. Sisi tunaofanya kazi nyumba za wazee wikiendi nzima bila zamu ni mali, ukiipata huilalii.

Ijumaa tulialikwa pati nyumbani kwa mfanyakazi mwenzangu, Mjerumani. Kwa wageni wa hii nchi niwape darasa. Mwaliko unasema saa mbili usiku, maana yake ni saa mbili usiku, sio saa nne ukishamaliza kupiga pasi. Unakuja na kinywaji chako, unavua viatu mlangoni, na pati inafanyikia jikoni, sijui kwa nini, sebule ina makochi mazuri imekaa tupu, watu ishirini wamesimama wamebanana kati ya friji na sinki wanaongea. Wanaongea! Muziki upo kwa mbali kama redio ya jirani. Chakula ni bakuli la tambi za baridi zilizochanganywa na mayonesi, na krispi. Nilikula nyumbani kwanza, mi sio mgeni. Usiku unavyoisha kuna mtu akafungua friji, akachukua bia zake mbili zilizobaki, akaziweka kwenye begi akaaga. Nyumbani ungemtafutia jina la utani la maisha.

Lakini kitu kimoja nilikipenda. Kwenye ngazi za jengo mwenye pati alikuwa amebandika karatasi siku tatu kabla: ndugu majirani, Ijumaa tunasherehekea, tutajitahidi, mkikerwa gongeni kengele au njooni mnywe nasi. Na bibi wa ghorofa ya pili alikuja kweli na chupa yake. Hapa kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya, na Jumapili siku nzima ni kimya, usitoboe ukuta, mashine ya kufyonza vumbi iache kabatini. Mtasikia watu wanasema sheria inakuruhusu pati moja kwa mwezi. Haipo hiyo sheria, imewaponza wengi, jirani akipiga simu polisi wanakuja wakiwa wapole kabisa wanakuomba uzime, wakirudi mara ya pili hawaji na upole ule. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, ila hawa dada hawakulelewa na mama mmoja, mmoja saa nne usiku ameshalala na mwingine ndo kwanza anatafuta wanja.

Na wala sio sisi weusi tu wanaotuonea, msianze. Beatles wenyewe walivyokuja hapa Agosti 1960, watoto wa Liverpool hawajulikani na mtu, walipiga kwenye klabu ndogo mtaa wa Große Freiheit inaitwa Indra, na mwezi wa kumi mwaka huohuo ile klabu ikaacha muziki wao kwa sababu ya malalamiko ya kelele, wakahamishiwa ukumbi mwingine mtaa huohuo. Walikuwa wanapiga masaa na masaa kila usiku. Mimi nikisoma hiyo huwa nawaza wanamuziki wetu wa dansi, Msondo, Sikinde, mtu anakaa jukwaani mpaka alfajiri na kesho anarudi tena, na hakuna anayemwandikia historia.

Jumamosi sasa. Muziki laivu. Bendi ya gita za Kikongo, mwimbaji Mkenya, kaukumbi kadogo Altona, kiingilio 15, na koti kulitundika 2 nyingine japo ni majira ya joto na nilikuwa na kikoti tu. Tulikuwa sita, wale wale wa siku zote. Tangazo lilisema saa mbili na saa mbili gita ikalia. Wenyeji wamesimama, mikono wameikunja kifuani, vichwa vinaenda mbele nyuma, mbele nyuma, wimbo ukiisha wanapiga makofi kama wanafungua mkutano. Sebene ilivyoingia mi uvumilivu ukanishinda. Nikatoa noti ya kumi, nikaenda mbele kwa madaha, mguu mmoja mmoja, khanga nimejifunga kiunoni, nikamtuza mwimbaji. Noti nikaipitisha juu ya kichwa chake, nikaishusha paji la uso, nikambandikia hapo kwenye jasho. Yule kaka alicheka mpaka akakosa mstari, halafu akaniingiza kwenye wimbo, dada wa Temeke, dada wa Temeke, mpiga solo akanijibu na nyuzi. Miaka yangu yote hapa sijawahi kuitwa hivyo kwenye maiki.

Ukumbi mzima umenitolea macho. Mama mmoja pembeni akamuuliza rafiki yangu kama mimi ni mke wa mwimbaji. Na kuna mzee wa Kijerumani, shati la drafti, alinisogelea na noti ya tano ameikunja vizuri, akaniuliza kwa heshima zote je na yeye anaruhusiwa, na je ile hela ni ya mwimbaji mwenyewe au ni ya bendi nzima. Nikamwambia baba we nenda, watajuana. Akaenda. Alitembea kama anapeleka fomu dirishani, lakini akaibandika, na makofi aliyopigiwa pale bendi yenyewe haikuyapata. Baada yake wakaja wengine wanne watano. Saa tano kamili taa zikawashwa.

Hatukulala. Treni hapa Ijumaa na Jumamosi zinatembea usiku kucha, tukakaa kwenye ngazi karibu na bandari tunapiga soga mpaka saa kumi na moja alfajiri soko la samaki linapofunguliwa. Mkija Hamburg msiikose hii, ni Jumapili tu, soko lipo tangu 1703, na saa tatu na nusu asubuhi wanafunga. Wauzaji wamesimama juu ya magari wanapiga kelele, wanatania wateja, wanakurushia samaki mkunga wa moshi mmoja juu ya mwingine kwenye mfuko mpaka utoe kumi yako, nikajiona niko soko la Feri la Dar kabisa, imekosekana tu harufu ya pweza na mtu wa kunisukuma na toroli. Na ndani ya lile jengo kubwa la zamani lililokuwa la mnada kuna bendi inapiga laivu saa kumi na mbili asubuhi, waliotoka disko na wazee walioamka mapema wanacheza pamoja, bia mkononi. Watu walewale wa mikono kifuani! Kwa hiyo kucheza wanajua, inategemea saa. Hapo ndipo nilinunua vibua, wale wa kwenye jedwali.

Kwa dada tulikula, jamaa wa Mombasa akachukua gita, dada akaimba taarab mpaka sauti ikamkauka, sisi wengine tunagonga sufuria na kasha la bia. Saa nne kasoro dakika tano shemeji akaanza kufunga madirisha, moja moja, hakusema neno, mguu wake unafuata mdundo.

Mnaoniandikia kuhusu Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya huku, na kazi za uuguzi, nawajibu hapa kwa pamoja. Lugha kwanza, msidanganywe na mawakala. Mshahara mnaoambiwa ni kabla ya makato, na gharama zinapanda, tikiti ya mwezi ya usafiri tuliianza 2023 kwa euro 49 na 2025 ikawa 58. Lakini kingine ambacho hakuna wakala atakwambia, tafuta watu wako mapema, kiangazi, kabla giza la Novemba halijakukuta peke yako chumbani. Hata wakiwa ni watu wa jedwali.

Na kuna yeyote anayekuja mwezi wa nane mwenye nafasi kidogo kwenye begi? Nahitaji khanga doti mbili na dagaa wa Kigoma kilo mbili. Nyama na maziwa msibebe hata kidogo, forodha wanachukua, ila samaki wanaruhusu mpaka kilo 20 kwa matumizi yako. Wafungwe mifuko mitatu tafadhali, na bei mniambie kabla.