Nyasi bandia: geuza zulia uone mgongo

Muuzaji wa nyasi bandia kwa kawaida hutaja namba moja tu, urefu: hii ni 30, ile ni 40, ya uwanja wa mpira ni 50. Hizo ni milimita za jani kutoka kwenye kitambaa kwenda juu, na ndiyo namba rahisi kuliko zote kumlaghai nayo mteja, kwa sababu mteja huziangalia nyasi kutoka juu. Kinachoamua kama uwanja utakaa miaka au utaanza kunyofoka baada ya masika mawili kiko upande wa pili, mgongoni, na kiliamuliwa zamani kiwandani, pale sindano ilipokutana na ndoana.

Mtambo unaoshona nyasi hizi ni cherehani yenye mamia ya sindano, isiyo na uzi wa chini. Hilo la uzi wa chini lishike vizuri. Kwenye shati, uzi wa juu na wa chini hufungana, na ukiuvuta mmoja, mwingine unaushika. Kwenye nyasi bandia hakuna fundo lolote. Uzi umechomekwa kwenye kitambaa, ukaachwa kitanzi, kitanzi kikakatwa, basi. Zulia likitoka kwenye mtambo kabla ya kupakwa gundi, unaweza kung'oa kishungi, yaani fungu la majani lililotokana na kitanzi kimoja, kwa vidole viwili.

Ushonaji huu ni mkongwe kuliko nyasi bandia zenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Dalton, Georgia, Marekani, msichana aitwaye Catherine Evans alishona vishungi vya uzi wa pamba kwenye matandiko ya kitanda kwa mkono, akakata ncha, kisha akafua kitambaa ili kisinyae na kubana uzi. Matandiko yakawa biashara ya mji mzima, mafundi wakaongeza sindano kwenye cherehani, na kufikia miaka ya 1950 mitambo mipana ilikuwa inashona mazulia ya chumba kizima. Mitambo yenye majina makubwa hadi leo, kama Card-Monroe na Tuftco, chimbuko lake ni Chattanooga, Tennessee, kaskazini kidogo ya Dalton. AstroTurf, nyasi bandia za kampuni ya Monsanto zilizotandikwa ndani ya uwanja wa Astrodome wa Houston mwaka 1966, haikupita njia hii. Ilikuwa nailoni iliyofumwa. Ushonaji wa vishungi ulikuja kuchukua soko kwa sababu ni wa haraka na nafuu.

Uzi kwanza, kwa kifupi. Punje za plastiki ya polietilini, mara nyingi aina yake laini iitwayo LLDPE, huchanganywa na punje za rangi na dawa ya kukinga miale ya jua. Mchanganyiko huyeyushwa kwenye nyuzi joto 200 hadi 240 hivi, ukasukumwa kupitia sahani yenye matundu. Umbo la tundu ndilo umbo la jani: bapa, almasi, herufi C, au lenye uti katikati ili lisimame. Nyuzi huzamishwa kwenye maji zipoe, kisha huvutwa kati ya rola zinazozidiana mwendo hadi zirefuke mara nne au tano. Kuvutwa huko ndiko kunakozipa nguvu. Zikivutwa kupita kiasi, jani litakuja kupasuka kwa urefu likikanyagwa sana. Baada ya hapo hupitishwa tena kwenye joto zitulie. Hatua hii ikirukwa, uzi utajisinyalia wenyewe ndani ya tanuri la gundi na ile 50 itatoka pungufu.

Unene wa uzi hupimwa kwa dtex, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 10,000. Ukiona 12,000/6 kwenye karatasi ya vipimo, maana yake ni majani sita yaliyokusanywa pamoja, kila moja 2,000, na uzi mzima una gramu 1.2 kwa mita. Majani hayo sita hufungwa kwa uzi mwembamba unaoyazunguka, la sivyo yatatawanyika kabla ya kufika kwenye tundu la sindano.

Kitambaa kinachoshonewa ni cha polipropilini iliyofumwa, plastiki ileile ya viroba vya unga. Kwa viwanja huwekwa tabaka mbili, na wengine huongeza wavu wa nyuzi za kioo au poliesta ili zulia lisijivute juani.

Sasa mtambo wenyewe. Upana wa kawaida ni mita 4, na Marekani futi 15. Nyuma yake kuna fremu kubwa ya koni za uzi, koni moja kwa kila sindano, na kila uzi unapita kwenye mrija wake wa plastiki hadi mbele. Juu kuna shafti kuu yenye ekisentriki (magurudumu ambayo kitovu chake kimekaa pembeni) zinazopandisha na kushusha ubao wa sindano. Kitambaa huingizwa na kutolewa na rola zenye miiba, na chini ya sindano kinashikiliwa na safu ya vidole vya chuma ili kisibonyee kinapodungwa. Chini kabisa ziko ndoana, moja kwa kila sindano, na ubavuni mwa kila ndoana kuna kisu.

Pigo moja huenda hivi. Sindano inatoboa kitambaa na kushuka na uzi. Inapoanza tu kupanda, uzi ulioko kwenye tundu unalegea kidogo kando ya sindano, na ncha ya ndoana inapita hapohapo na kuunasa. Sindano inapanda, mguu wa mtambo unakizuia kitambaa kisipande nayo, na kitanzi kinabaki kwenye ndoana. Kitambaa kinasogea hatua moja. Ndoana ya kukata huelekezwa kinyume na mwendo wa kitambaa, kwa hiyo vitanzi vinarudi nyuma juu yake, viwili au vitatu kwa wakati mmoja, mpaka kisu kinapopanda na kukikata kile cha mwisho dhidi ya ndoana, kama mkasi. Kitanzi kimoja chenye majani sita kinakuwa kishungi chenye majani 12.

Urefu wa jani, basi, hutokana hasa na umbali kati ya vidole vya chuma na ndoana. Kwa nyasi za milimita 50, sindano lazima ishuke zaidi ya hapo, na hii ndiyo sababu mitambo ya nyasi hupiga polepole kuliko ya mazulia ya nyumbani. Mwendo wa rola za kitambaa ukilinganishwa na shafti ndio unaoamua idadi ya mishono kwa mita. Umbali kati ya sindano, yaani geji, hauna rola ya kuubadilisha. Umechongwa ndani ya mtambo, na kuubadili ni kubadili ubao wa sindano, ndoana, visu na vidole vyote.

Geji hutajwa kwa inchi. Nyasi za mpira mara nyingi ni 5/8, yaani milimita 15.9 kati ya mstari na mstari. Za bustani na viwanja vidogo ni 3/8, milimita 9.5. Kwenye mtambo wa mita 4, geji ya 5/8 ni sindano 252, na ya 3/8 ni 420.

Hapa hesabu inaanza kusema kitu. Chukua zulia la milimita 50, geji 5/8, mishono 160 kwa mita, uzi wa 12,000. Sindano 252 kwa mita 4 ni mistari 63 kwa mita, na 63 mara 160 ni vishungi 10,080 kwa mita ya mraba. Kila kishungi kina sentimita 10 za uzi juu ya kitambaa, hivyo ni mita 1,008, sawa na gramu 1,210 hivi. Lichukue la pili, nalo milimita 50, lakini geji 3/4, mishono 120, uzi wa 8,800. Vishungi ni 6,300 hivi, uzi mita 630, gramu 554. Yote mawili yanauzwa kama "50". La pili lina chini ya nusu ya plastiki ya la kwanza, na likiwa jipya, limechanwa vizuri juu ya meza, jicho halitaona tofauti kubwa.

Kwa upande wa kiwanda, mtambo ukipiga mara 400 kwa dakika kwa mishono 160, zulia linatoka mita 2.5 kwa dakika, yaani mita za mraba 10. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ungeisha kwa saa 12. Lakini hauishi kwa saa 12. Ukihesabu na uzi unaobaki mgongoni, karibu sentimita 10.8 kwa kishungi, uwanja huo hula kilomita 7,770 za uzi, zaidi ya tani 9, na uzi mrefu hivyo lazima ukatike mahali. Koni ya kilo 5 inatosha kama mita 240 za zulia, kisha lazima iungwe na nyingine. Fundo likiwa nene linakwama kwenye tundu la sindano. Ndiyo maana viwanda vingi huunga kwa hewa ya msukumo.

Kosa linaloonekana zaidi ni mstari uliokosekana: uzi umekatika, sindano inaendelea kutoboa bila kushona chochote, na ukiugeuza mgongo unaona mstari wa matundu matupu. Likigunduliwa kabla ya gundi si kosa kubwa, kwani mtu mwenye mashine ya mkono ya sindano moja huujaza kwenye meza ya ukaguzi. Likipita hadi kwenye gundi, limekwisha hilo.

Gumu zaidi kulikamata ni mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kishungi kinatoka kama herufi J kwa sababu kisu hakikukata katikati ya kitanzi: kisu kimekaa vibaya, au ndoana imelika, au uzi wa sindano ile umebanwa kuliko wa jirani. Kwa macho zulia linaonekana na mistari hafifu ya kivuli, na mwendeshaji mvivu ataipunguza kwa kunyoa juu badala ya kusimamisha mtambo. Kisu butu nacho huacha vitanzi visivyokatwa, hasa kwa polietilini, ambayo inateleza na kuvutika kabla ya kukatika. Ndoana ikiwa mbali na sindano inakosa uzi. Ikisukumana nayo kupita kiasi inaichimba, joto linapanda, na plastiki inaanza kuganda kwenye chuma. Nafasi sahihi ni ya kugusana kwa wepesi tu, na hupangwa upya kila ndoana zinapobadilishwa. Kuna pia mistari ya rangi ambayo si kosa la mtambo kabisa: mtu amechanganya koni za matoleo mawili kwenye fremu moja.

Kisha gundi, na hapa ndipo bei hukatwa kimyakimya. Ya kawaida ni lateksi iliyochanganywa na unga wa chokaa, hupakwa mgongoni kwa rola, gramu 800 hadi 1,000 kwa mita ya mraba ikikauka. Maji yake lazima yatoke kwenye tanuri, lakini LLDPE huyeyuka karibu na nyuzi 120 hadi 125, kwa hiyo joto huelekezwa mgongoni na upande wa majani huachwa na ubaridi kiasi. Ukiharakisha, gundi inafunga ngozi juu huku chini ikiwa mbichi, inatoa malengelenge, na vishungi vinashikwa nje tu bila gundi kuingia katikati ya majani. Chokaa ikizidi, mgongo unakuwa mkavu na kupasuka. Gundi nyingine, polyurethani, ni ghali zaidi, haina maji ya kukausha, na inavumilia unyevu vizuri. Kwa uwanja wa Pwani ambao maji hutuama wakati wa masika, tungelipia polyurethani bila kubishana sana, maana lateksi ikikaa ndani ya maji muda mrefu hulegea. Mwisho, pini za moto hutoboa matundu ya kupitishia maji, mara nyingi kila sentimita 10.

Kwa hiyo ukipewa sampuli, igeuze. Weka rula kukatiza mistari na uhesabu iliyomo ndani ya sentimita 50: 31 au 32 ni geji 5/8, 52 au 53 ni 3/8, 26 ni 3/4. Kisha fuata mstari mmoja na uhesabu mishono kwenye sentimita 10, uizidishe kwa 10. Zidisha mishono ya mita kwa mistari ya mita, linganisha na karatasi ya muuzaji. Kunja mgongo kwa nguvu. Unga mweupe ukidondoka ni chokaa iliyozidi. Shika kishungi kimoja kwa plaizi, vuta moja kwa moja kwenda juu. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa kipimo cha ISO 4919, na kwa uwanja wa mpira usikubali chini ya newtoni 30, kama uzito wa kilo 3. Kikitoka, tazama mguu wake: ukitoka safi, bila gundi kati ya majani, gundi haikuingia. Mwisho loweka kipande kwenye ndoo usiku kucha na uvute tena. Tofauti kati ya mvuto wa kavu na wa mbichi inasema mengi kuliko cheti.

Majora ya uwanja mmoja yawe ya toleo moja la uzi, na yatandikwe majani yakilalia upande mmoja. Jora moja likigeuzwa, uwanja mzima utaonekana na barabara ya rangi nyingine ingawa uzi ni uleule. Yahifadhiwe yamelazwa mahali pakavu, yasipandishwe juu ya mengine kupita kiasi, na yasikunjwe kamwe kama shuka. Yakishafunguliwa yaachwe juani saa chache kabla ya kukata na kugundisha viungo, kwani jora lililotoka kwenye kontena bado lina mawimbi, na kiungo kilichogundishwa juu ya wimbi hufunguka jua likikolea.