Siku ya kulaza rai

Saa 12 asubuhi niko katikati ya rai inayonifika kifuani, suruali imeloa umande. Rai ni nafaka, ndugu yake ngano, lakini hii sikuipanda nipate unga. Niliipanda ifunike udongo, kama kilo 100 kwa hekta, mara tu mahindi yalipovunwa. Baridi haikuizuia kuota. Miezi yote ambayo shamba lingekaa uchi, imeushika udongo na kufyonza naitreti, yaani naitrojeni ambayo mimea huila, ambayo mvua ingeizamisha chini mizizi isikofika. Leo nailaza chini ife, iwe mkeka juu ya udongo, kisha soya ipandwe humo humo.

Saa 1 nachimba kwa koleo. Hapa ndipo penye wasiwasi wangu, maana rai hunywa maji mengi, na mvua ikichelewa inaweza kuliachia zao linalofuata udongo mkavu. Nafinya bonge mkononi, linashikana. Tunaendelea.

Saa 3, umande umekauka, nayatikisa masuke. Chavua inaruka kama vumbi la njano. Ndicho nilichokuwa nakisubiri wiki nzima! Ukiilaza rai kabla haijachanua, inainuka tena. Ukichelewa hadi punje zikomae, umejipandia magugu. Mwaka mmoja nilifanya haraka ya siku nne tu, na nusu ya shamba ikasimama tena katikati ya soya. Sitasahau hasara ile.

Saa 4 trekta linaingia na roli, pipa zito la chuma linaloviringika juu ya rai. Vyuma vyake ni butu makusudi: vinaponda shina bila kulikata, kwa sababu shina lililokatwa huchipua upya. Tunalaza kuelekea upande uleule mashine ya kupandia itakakopita, la sivyo mabua yatajisokota kwenye visahani vyake.

Saa 7 napita shamba la mahindi. Huko rai niliiua ikiwa fupi, wiki mbili kabla ya kupanda. Iliyokomaa ina kaboni nyingi mno. Vijidudu vinavyoiozesha hujichukulia naitrojeni ya udongoni, na mahindi machanga huwa manjano. Soya haiumii hivyo, kwani bakteria wa mizizini mwake huitengenezea naitrojeni yake.

Saa 8 hadi saa 11 tunapanda soya. Kila baada ya mistari michache nashuka, napiga magoti na kufukua. Mara mbili nakuta mbegu imekaa juu ya bua lililobanwa ndani ya mfereji, haijagusa udongo. Tunaongeza uzito kwenye mashine na kupunguza mwendo. Kazi ya kuchosha, lakini mbegu ya namna hiyo haioti.

Saa 12 jioni mkeka umelala, mnene kiasi kwamba siuoni udongo. Magugu ya mbegu ndogo yatapata tabu kupenya hapa. Mabua machache yamesimama kwenye nyayo za matairi, roli haikuyafikia vizuri. Nimeyawekea vijiti vya alama, baada ya siku saba nitarudi kuyatazama.